Ardhi ya Ukoo na Haki ya Mwanamke wa Kihaya

Katazo la mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo husemwa kuwa ni mila ya tangu enzi za mababu. Mila ni ya kale, lakini nguvu yake mahakamani imetokana na kalamu ya serikali. Mwaka 1945 Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikatangaza kanuni za urithi, na kanuni ya 20 ikaeleza kwamba mwanamke ataitumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume. Neno la wazee likawa amri kwa hakimu.

Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo, na jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo; Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikayarejesha. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliegemea Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Wapo wanaodai kuwa uamuzi huo uliuacha ukoo bila kinga dhidi ya wageni. Hoja hiyo ina uzito, ila haisimami. Mwanamume alipouza, ukoo uliweza kukomboa shamba kwa kurudisha fedha. Jaji alimpa Ephrahim nafasi hiyohiyo, ndani ya miezi sita. Kinga ya ukoo ilibaki. Kilichoondolewa ni ubaguzi.

Wengine watasema hukumu moja haifiki kijijini. Ni kweli. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za tangazo hilohilo la 1963, zilizowanyima urithi wajane wawili wa Shinyanga, ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Haki ya mwanamke haipaswi kutegemea uwezo wake wa kupanda ngazi zote za mahakama. Kanuni zilizowekwa kwa tangazo la serikali huweza kuondolewa kwa tangazo jingine, na wajibu huo ni wa serikali, si wa mjane.