Herufi za ukutani hazitoshi

Wasomi wenzangu, wengi tunafikiri kupimwa macho ni kusoma herufi ukutani, basi. Zile herufi zilitungwa na Herman Snellen, munganga wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Zinapima kuona kwa mbele tu.

Lakini mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, mwalimu wa Königsberg, alikuwa ameshatangaza kioo cha kuangalia ndani ya jicho. Waganga wakaanza kuona pale mshipa wa kuona unapoingilia. Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norwei akaleta chombo cha kupima presha ya jicho.

Baba yangu alisoma herufi zote, bakamurudisha nyumbani. Presha ya macho hakuna aliyemupima. Kumbe glokoma ilikuwa inamukula kuanzia pembeni, bila maumivu. Leo hawezi kuvuka barabara peke yake.

Ugonjwa huu unatembea ndani ya jamaa, njo maana nilienda mimi pia. Walinipima presha, wakaniwekea matone ya kupanua mboni. Saa kadhaa mwanga unachoma na kitabu hakisomeki, kwa hiyo usijiendeshe pikipiki.

Ukienda, uliza hivi: "Munganga, presha ya macho yangu ni ngapi?"