Mashine Ikisikia "Ndoo"

Douglas Engelbart alionyesha kipanya cha kompyuta hadharani San Francisco mwaka 1968. Wengi wetu wapwani hatukupitia huko. Sisi tulianza na M-Pesa, 2007: menyu, namba, PIN, basi. Kisha zikaja simu za kugusa kwa kidole.

Sasa imefika sauti. Mashine hulinganisha inachosikia na mifumo ya sauti iliyojifunza kutoka kwenye rekodi, ikabashiri maneno, ndipo itende. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Nyanya wa Mvita akisema "ndoo hapa", yaani njoo, mashine iliyolelewa kwa Kiswahili sanifu itaandika ndoo ya maji. Na nyanya huyo asiyesoma ndiye mhitaji hasa!

Common Voice ya Mozilla hupokea sauti za Kiswahili za kujitolea. Nasi tukasome.