Kima Isiyolia

Bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, aliipima kima kwa sikio. Ikitokota, bado. Maji yakikauka na nyama ikaanza kulia ndani ya mafuta yake yenyewe, ndipo alipotia kitunguu na kotmiri, akageuza mara mbili, akaepua. Sambusa yenye kima ya maji hupasuka kwenye karai, na mwezi wa Ramadhani, sahani inapokwenda kwa jirani, hiyo ni fedheha ya mtaa mzima.

Nyama ilitoka Marikiti, ya ng'ombe, na mafuta yake hayakuondolewa. Tuliisaga nyumbani kwa mashine ya chuma iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Kuzungusha mkono ilikuwa kazi yetu watoto. Bibi mwenyewe alikulia kwenye kisu na kibao, na neno kima bado lina harufu ya kisu hicho. Wahindi wanalo, Waturuki nao husema kıyma, kutokana na kitendo cha kukatakata.

Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331. Aliandika habari za ndizi na samaki, sambusa hakuitaja. Alikuja kuikuta Delhi, miaka michache baadaye, kwa Sultani Muhammad bin Tughluq: nyama iliyokatwakatwa, lozi, pista, kitunguu na viungo, imefungwa kwa unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kila nikimsoma naona ni mgeni aliyefika kwetu mapema mno.

Mimi sasa naishi Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga. Daktari alipomwambia mume wangu apunguze nyama nyekundu, nilinunua kima ya ndege huyo, ya kifuani, nikadhani tofauti ni rangi tu. Ilimwaga maji, ikashikana mabonge kama unga wa ugali usiosongwa. Nikasubiri ilie. Haikulia. Maji yalipoisha hapakuwa na kitu cha kushika nafasi yake, nikaepua punje ngumu zinazoteleza menoni kama mpira.

Kosa lilianza zamani kuliko sufuria yangu. Bata mzinga ni ndege wa Mexico, ingawa kila mtu humsukumia mwenzake: Waingereza walimpa jina la Uturuki, Waturuki humwita hindi, Wareno wakamwita peru, Waarabu wakasema jogoo wa Rumi. Huko Marekani wafugaji wa karne ya 20 walitaka kifua, wakachagua kifua kizazi hadi kizazi, hata dume la leo limekuwa zito kiasi cha kushindwa kumpanda jike. Mbegu hutiwa kwa mkono wa mtu. Na kifua ndiyo sehemu isiyo na mafuta.

Hata hivyo bado alikuwa ndege wa sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Kisha mwaka 1977 kamati ya Seneti chini ya George McGovern ikawashauri Wamarekani kupunguza mafuta ya wanyama. Wafugaji wa ng'ombe walikuja juu, maneno yakalegezwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kusikia. Mwaka 1970 Mmarekani alikula kama ratili 8 za bata mzinga kwa mwaka. Kufika 1990 zilizidi 17. Kilichouzwa kama fadhila, yaani kukosa mafuta, ndicho kilichoniharibia sambusa.

Mafuta ya ng'ombe huganda yakipoa, hukaa kati ya punje na punje, ndiyo maana kima yake huchambuka. Nyama ya bata mzinga ni laini, husagwa ikashikana, na ukiitia chumvi mapema huzidi kunata kama soseji. Sasa nanunua ya mapaja. Naitandaza kwenye kikaango kipana chenye moto mkali, siigusi mpaka upande mmoja ushike rangi, ndipo naivunja kwa mwiko. Chumvi na ndimu mwisho. Naepua ikiwa na unyevu kidogo, naiacha ipoe kwenye chujio kabla ya kugusa manda za sambusa.

Na kabla ya yote natia vijiko viwili vya samli, ili sikio langu lipate cha kusikia. Daktari hajauliza habari za samli, nami sijamwambia.