Mtungi wa Leiden, mtungi wa Ikombe

Mwaka 1746, mjini Leiden huko Uholanzi, Pieter van Musschenbroek na wenzake walikuwa wakijaribu kukusanya umeme ndani ya chupa ya maji. Aliyeishika chupa kwa mkono mmoja na kugusa waya kwa mkono wa pili alipigwa shoti iliyomtikisa mwili mzima. Mwaka mmoja kabla, Ewald Georg von Kleist alikuwa amekumbana na jambo hilohilo kule Pomerania, lakini jina likaenda kwa Leiden. Mtungi wa Leiden ndio babu wa kapasita zote, vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme.

Sasa tuseme mikononi mwa Musschenbroek mngekuwa na mtungi wa Wakisi, ule unaofinyangwa na akina mama wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na kuvushwa kwa mtumbwi kwenda kuuzwa Matema. Asingepigwa na chochote. Udongo uliochomwa kwenye moto wa wazi hubaki na vitundu visivyoonekana kwa jicho. Maji hupenya, mtungi hutoka jasho kwa nje, na umeme nao hufuata unyevu huohuo ukapotea.

Jasho hilo ndilo sababu ya mtungi kuwepo. Maji yakikauka juu ya ngozi yake huondoka na joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Mfinyanzi akiuchoma udongo mpaka vitundu vizibe kabisa, amepata chombo kigumu chenye maji ya vuguvugu, na sijui nani angekinunua. Ndiyo maana siwaelewi wanaopanga ngazi ya maendeleo, mtungi chini, kauri ya viwandani juu. Udongo mmoja ulitakiwa upitishe, mwingine uzuie.

Aliyetaka udongo uzuie alipatikana Kyoto. Mji huo una ufinyanzi wa karne nyingi, na Akira Murata, aliyefungua karakana yake mwaka 1944, alikuwa mtoto wa mwenye karakana ya kauri. Kabla ya hapo kapasita za redio zilitegemea sana ulanga, madini yanayobanduka vipande vyembamba kama kurasa. Mwingi ulitoka India. Hata kwetu, Wajerumani waliuchimba Uluguru. Vita Kuu ya Pili ilipoufanya kuwa adimu, wataalamu wa Marekani, Urusi na Japani, kila upande kwa njia yake, walifikia unga mmoja: titaneti ya bariamu. Ukiweka ulanga kati ya bamba mbili za chuma, chaji zinazohifadhiwa ni kama mara sita ya zile ambazo hewa ingehifadhi. Unga huu ukichomwa vizuri huzidisha mara elfu na zaidi. Murata aliufanyia kazi pamoja na Profesa Tetsuro Tanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Baadaye alipoandika kumbukumbu zake, kitabu alikiita kwa Kijapani jina lenye maana ya kokoto ya ajabu.

Kokoto hiyo, yaani kapasita ya kauri, leo ina mamia ya tabaka. Unga hukorogwa uwe uji, uji hutandazwa kuwa utando ambao siku hizi huweza kuwa mwembamba kuliko mikroni moja, juu yake huchapwa nikeli, kisha tando hupangwa moja juu ya nyingine, hukandamizwa, hukatwa na kuchomwa. Kapasita moja inaweza kuwa na urefu wa milimita 0.4 na upana wa 0.2. Simu ya bei kubwa hubeba takriban elfu moja. Kazi yake anayepika ataielewa mara moja: betri ni kisima, kapasita ni ndoo iliyokwisha kujazwa kando ya jiko. Prosesa ikihitaji umeme ghafla haina muda wa kwenda kisimani.

Kwenye moto ndipo Kyoto na Ikombe wanapokaribiana. Mfinyanzi hukausha vyungu taratibu, kisha huvipasha kwa moto mdogo kabla ya mkubwa, maana maji yaliyojificha yakichemka kwa ghafla chungu hupasuka. Kiwandani nako gundi iliyoushikanisha unga huunguzwa polepole, kwa sababu gesi yake ikikosa njia tabaka huachana. Pande zote mbili kitu hunywea motoni na lazima mtu akadirie mapema. Hata hila ya kuunyima moto hewa wanaijua wote: wafinyanzi wanaofukiza vyungu hupata weusi wanaoutaka, na viwandani, tangu nikeli ichukue nafasi ya paladiamu ya bei ghali, tanuri hunyimwa oksijeni ili chuma hicho kisipate kutu.

Na wote wanauogopa ufa. Kauri haipindi. Bodi ya simu ikipindwa kidogo tu, labda umeikalia kwenye daladala, kapasita moja huweza kupata ufa usioonekana, tabaka zikagusana, na simu isiwake tena.

Niliona hilo Kariakoo, simu ikiwa yangu. Fundi aliifukizia bodi moshi wa dawa ya kulehemu mpaka ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga wa muhogo, akaipa umeme kidogo, akainama. Doa moja likayeyuka. “Hii hapa, dada, imeshoti.” Akaipuliza kwa hewa ya moto, akaiinua kwa kibano na kuiweka juu ya kitambaa. Nikainama nami nilione hilo gae. Nilipovuta pumzi ili niulize bei, likapotea kwenye vumbi la meza.