Daftari la Wasichana wa Scotland

Msomaji, pengine umepata kusikia wazee wakiuliza: chanjo ya leo yajulikanaje kuwa yazuia maradhi ambayo yangekuja baada ya miaka ishirini? Swali hilo ni la haki, na watu wa Scotland walilijibu kwa daftari.

Saratani ya mlango wa kizazi haiji kwa ghafula. Harald zur Hausen, tabibu wa Ujerumani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, ndiye aliyeonyesha kuwa huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho huingia mwilini kimya, chembe zikaanza kuharibika, na aghalabu miaka mingi hupita kabla ya uharibifu huo kuwa saratani. Basi atakaye kuipima chanjo hana haja ya kungoja misiba. Huutazama uharibifu ule wa awali.

Mwaka huo huo wa 2008 Scotland ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 12 na 13, na kwa muda hata wakubwa wao walio chini ya miaka 18. Siku zile wanawake wa huko waliitwa kupimwa tangu umri wa miaka 20, na kila mtu alikuwa na nambari moja ya matibabu. Kwa nambari hiyo chanjo ya msichana iliunganishwa na kipimo chake cha baadaye. Sisi walimu, tunaonung'unika tukijaza rejista, tungefikiri mara mbili.

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya wanawake 138,692. Miongoni mwa waliozaliwa mwaka 1988, ambao hawakuchanjwa, watu 59 katika kila 10,000 walikuwa na uharibifu mkali. Miongoni mwa waliochanjwa waliozaliwa 1995 na 1996, walikuwa 6 tu. Je, yamkini sababu ni nyingine? Walakini waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walikingwa kuliko waliochanjwa na miaka 17. Tena, hata wasiochanjwa wa rika lile la mwisho walipata nafuu, maana kirusi kilikosa njia ya kupitia.

Hapa Kenya chanjo hiyo ilianza Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Huenda wewe, au dada yako, ni mmoja wao. Siku ya kupimwa itakapofika, muuguzi atauliza ulichanjwa mwaka gani, na mara ngapi. Kadi yako iko wapi?