Johannesburg: Wanawake vibaoni, mshairi gazetini

Abiria anayetafuta gari la kwenda Soweto katikati ya jiji la Johannesburg bado huambiwa aende Bree. Hata hivyo, tangu mwaka 2014 mtaa huo unaitwa Lilian Ngoyi.

Mwaka huo halmashauri ya jiji iliwapa wanawake wanne mitaa minne. Bree ukawa wa Lilian Ngoyi, Jeppe wa Rahima Moosa, President wa Helen Joseph na Noord wa Sophie de Bruyn. Hao ndio waliowaongoza wanawake wapatao 20,000 hadi majengo ya serikali mjini Pretoria, tarehe 9 Agosti 1956, kupinga sheria iliyowalazimisha wanawake Waafrika kubeba pasi. De Bruyn, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa hai jina lake lilipobandikwa, bahati ambayo mashujaa wachache huipata.

Jina la Ngoyi lilienea duniani kwa njia ya msiba. Tarehe 19 Julai 2023 mlipuko wa chini ya ardhi uliupasua mtaa huo. Mtu mmoja alifariki dunia na makumi wakajeruhiwa. Taarifa nyingi za habari zililazimika kuongeza kwamba zamani uliitwa Bree.

Siasa na muziki

Wanasiasa, basi, wamekumbukwa. Waimbaji nao hawakusahauliwa: katika eneo la Newtown, mtaa ulioitwa Bezuidenhout sasa ni wa Miriam Makeba, na karibu yake yamo majina ya Dolly Rathebe na Margaret Mcingana.

Washairi wanawake wamepata heshima ya namna nyingine. Tarehe 24 Mei 1994, akilihutubia bunge jipya mjini Cape Town, Nelson Mandela alisoma shairi la Ingrid Jonker kuhusu mtoto aliyeuawa kwa risasi Nyanga mwaka 1960. Jonker, aliyetunga kwa Kiafrikana, alikuwa amejitosa baharini mwaka 1965. Mwaka 2004 alitunukiwa nishani ya taifa.

Lakini Jonker ni wa Cape Town. Johannesburg ina mshairi wake, na huyo ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini.

Mghani wa Umteteli

Nontsizi Mgqwetho alianza kuchapisha mashairi kwa lugha ya Kixhosa mwaka 1920 katika gazeti la Umteteli wa Bantu, lililotolewa Johannesburg kwa fedha za wenye migodi. Aliendelea hadi mwaka 1929, akaacha tungo zipatazo mia moja. Baada ya hapo hasikiki tena.

Kughani sifa za watawala, kwa Waxhosa, ilikuwa kazi ya wanaume. Mgqwetho aliichukua kazi hiyo waziwazi na kuitia gazetini, ambako hakuna mzee wa baraza angeweza kumnyamazisha. Aliwakaripia viongozi wa Kiafrika kwa mafarakano yao, akawalaumu wazungu kwa kupora ardhi, na hakuwaacha wanawake wenzake bila onyo. Kuna kejeli katika hilo: ulimi mkali kama huo ulipata nafasi katika gazeti lililoanzishwa ili kuwatuliza wafanyakazi baada ya mgomo mkubwa wa migodini wa mwaka 1920.

Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani, wala ya kufa kwake. Yanayofahamika juu ya maisha yake yametoka karibu yote katika mashairi yenyewe. Wateuzi wa majina ya mitaa hupenda wasifu uliokamilika, picha, na jamaa wa kualikwa siku ya kufunua kibao. Mgqwetho ana maneno tu.

Afrika Mashariki haiko mbali na hali hiyo. Dar es Salaam ina Mtaa wa Shaaban Robert, na ina Barabara ya Bibi Titi Mohammed, ambaye kabla ya kuingia TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma, ingawa barabara alipewa kwa siasa zake. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, anatajwa zaidi darasani kuliko barabarani.

Mashairi ya Mgqwetho yalikaa katika kurasa za gazeti kwa takriban miaka 80. Mwaka 2007 msomi Jeff Opland aliyakusanya na kuyafasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilichoko Braamfontein. Kutoka hapo hadi mtaa wa Miriam Makeba ni kuvuka tu daraja la Nelson Mandela, juu ya reli.