Nguzo za Coalbrook

Wengi wetu tuna baba au ndugu waliofanya kazi ya mgodi. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari ya Coalbrook, katika inchi ya Afrika ya Kusini, ili tufahamu namna nguzo za mgodi zinavyopimwa, na kwa gharama gani watu walijifunza kuzipima.

Katika migodi mingi ya makaa ya mawe, wachimbaji hawatoi makaa yote. Hukata njia, na kati ya njia huacha makaa mengine yasimame kama nguzo. Tufanye mfano: nguzo ina metri 12 kila upande, na njia zina upana wa metri 6. Nguzo hiyo haichukui mzigo wa mawe yaliyo juu yake tu. Huchukua na nusu ya kila njia inayoizunguka. Basi hubeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wake wa kwanza. Nayo nguzo nene na fupi ina nguvu. Ile nyembamba na ndefu ni dhaifu.

Huko Coalbrook, katika mgodi wa Clydesdale, walikata pia makaa ya dari, na hivyo nguzo zikazidi urefu. Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja iliporomoka. Hilo lilikuwa onyo, lakini kazi iliendelea. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zikaanza kuvunjika. Kila iliyoanguka iliwatupia jirani zake mzigo wake, na hao nao wakashindwa, mpaka zikaanguka karibu 900. Watu 435 walifungiwa chini. Kati yao 429 walikuwa Waafrika, wengi wametoka Basutoland, ndiyo Lesotho, na Msumbiji. Waokozi walitoboa mashimo marefu toka juu, wasisikie sauti yoyote. Maiti zao zingali humo.

Baada ya msiba huo, wataalamu wawili, Salamon na Munro, walichunguza nguzo za migodi mbalimbali ya inchi ile: mahali 98 zilipokuwa zimesimama, na mahali 27 zilipokuwa zimeanguka. Mwaka 1967 walitoa kanuni yao. Kwa kanuni hiyo, ukizidisha urefu wa nguzo mara mbili bila kuongeza unene, yapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake. Tena walishauri nguvu ya nguzo ipite mzigo wake: mzigo ukiwa 10, nguvu iwe 16.

Ndugu, makaa yanayoachwa katika nguzo si mali iliyopotea. Ndiyo yanayomrudisha baba nyumbani jioni. Na mgodi ukitoa onyo la kwanza, tusingoje la pili.